Jinsi ya Kupima Paa la Godauni Kama Litashikilia Upepo

Masika yakikaribia, maswali ni yale yale. "Paa langu lina miaka kumi, litahimili?" "Fundi amemaliza jana, nitajuaje kama skrubu zimeshika?" "Nimetembea juu yake na halitikisiki, si ndiyo basi?"

Siyo basi. Uzito wako unalikandamiza bati kwenye papi (vyuma au mbao zinazolala chini ya bati, ambamo skrubu hufungwa), upepo unalivuta litoke kwenye papi. Paa linaloweza kubeba mafundi sita wakila ugali juu yake linaweza kuondoka usiku huohuo. Kinacholizuia ni meno machache ya skrubu yaliyouma chuma chenye unene wa milimita moja na nusu, na meno hayo huyaoni ukiwa juu wala chini.

Mwongozo huu ni wa kuyapima kwa mashine ya kuvuta. Unahusu maghala, viwanda, kumbi na maduka makubwa yaliyoezekwa kwa bati juu ya papi za chuma au mbao, maana ndiyo mapaa mengi ya biashara tuliyonayo. Mapaa bapa yaliyogundishwa yana kipimo chake, nimeyapa nafasi ndogo karibu na mwisho.

Nadharia, na ni hii tu

Upepo ukifika kwenye ukingo wa paa hauwezi kukata kona ghafla. Unaachana na bati, unazunguka, na hapo unapoachana ndipo mvuto unakuwa mkali. Kwa hiyo pembe za paa huvutwa mara mbili ya katikati, wakati mwingine zaidi. Mlango mkubwa wa upande wa upepo ukifunguka, hewa inaingia ndani na kulisukuma bati kutoka chini huku likivutwa kutoka juu.

Shinikizo la msingi unalipata hivi: chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Jibu ni newtoni kwa kila mita ya mraba. Kasi ya mita 40 kwa sekunde (ni kama kilomita 144 kwa saa) inatoa 981. Kasi ya kutumia akupe mhandisi wa jengo, usiichukue kwenye taarifa ya hali ya hewa ya jana. Na asikuambie mtu kwamba huku hakuna vimbunga: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024. Hata bila kimbunga, dhoruba ya dakika kumi kabla ya mvua inatosha kung'oa pembe iliyofungwa ovyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujapanda

- Mashine ya kuvuta ya mkono, ya haidroliki au ya skrubu ya kuzungusha, yenye saa inayosoma hadi kilonewtoni 5 au 10. Iwe na mshale wa pili unaobaki kwenye kilele nguvu ikishuka. Kilonewtoni 1 ni kama uzito wa kilo 100.
- Cheti cha ulinganishaji wa saa hiyo (kwamba inasoma sawasawa) ambacho hakijapitwa na wakati. Tanzania peleka maabara ya vipimo ya TBS, Kenya KEBS, yaani mashirika ya viwango ya nchi hizo. Bila cheti, namba zako ni maoni.
- Kucha za kushika kichwa cha skrubu, za saizi mbili.
- Daraja la chuma la kusimamishia mashine, lenye miguu inayofika kwenye mabonde ya bati pande zote mbili za mgongo.
- Drili, skrubu mpya za aina ileile iliyotumika, skrubu nene zaidi za kuzibia (kama zilizopo ni mm 5.5, beba za mm 6.3), washa za mpira na silikoni ya nje.
- Maikromita (kifaa cha kupimia unene), tepu ya mita, chaki, simu ya kupigia picha, daftari.
- Mkanda wa mwili mzima, kamba na mahali pa kuifungia penye uhakika. Mbao mbili ndefu za kutembelea. Mtu wa pili juu na wa tatu chini.
- Mchoro wa paa. Kama haupo, chora mwenyewe kwa tepu.

Mashine ndogo ya kupimia samaki au mizigo haifai. Nimeiona ikitumika. Nguvu inapanda kwa mishtuko na hakuna anayejua kilele kilikuwa wapi.

Simama kwanza hapa

Bati zile za plastiki za kupitisha mwanga hazibebi mtu. Zikipigwa jua miaka michache zinakuwa kama biskuti, na vumbi au rangi huzificha zikafanana na bati la kawaida. Ukiwa ndani ya jengo tazama juu, hesabu zilipo, ziweke kwenye mchoro kabla hujagusa ngazi.

Kama paa ni la zamani na lina vigae vikubwa vya kijivu vya asibesto, usitoboe, usivute. Funga daftari umwite mtaalamu wa asibesto.

Panda alfajiri. Saa tano bati linachoma, na mtu anayeungua miguu hasomi saa vizuri. Upepo ukianza kukupeperusha shati, shuka.

Hatua

1. Anzia chini, ndani ya jengo. Tazama papi zilivyofungwa kwenye kenchi (fremu zinazobeba paa) na kenchi zilivyofungwa kwenye ukuta au nguzo. Boliti zipo zote? Nati zimekazwa? Kwenye mbao, kuna mkanda wa chuma au ni misumari miwili ya mshazari? Mapaa mengi yaliyoruka yaliruka na papi zake, skrubu zikiwa bado zimeng'ang'ania. Ukikuta kasoro hapa, iandike juu kabisa ya ripoti, kwa sababu hakuna skrubu itakayoifidia.

2. Gawa paa katika maeneo matatu: pembe, kingo, katikati. Upana wa ukanda wa ukingo: chukua sehemu ya kumi ya upande mfupi wa jengo, kisha asilimia 40 ya urefu wa jengo kutoka chini hadi kwenye paa, tumia iliyo ndogo, lakini usishuke chini ya mita 0.9. Godauni la mita 30 kwa 60 lenye urefu wa mita 8: sehemu ya kumi ni mita 3, asilimia 40 ni mita 3.2, hivyo ukanda ni mita 3. Kanda mbili zinapokutana, hapo ndipo pembe. Weka alama ya chaki.

3. Pima nafasi za skrubu, usiulize. Pima umbali kati ya papi na papi, kisha kati ya skrubu na skrubu kwenye papi moja. Fanya hivyo kila eneo. Zidisha namba hizo mbili upate eneo linalobebwa na skrubu moja. Papi zikiwa kila mita 1.2 na skrubu kila mita 0.25, skrubu moja inabeba mita za mraba 0.3. Fundi akiruka mgongo mmoja kati ya miwili, inabeba 0.6, yaani mzigo maradufu. Kuna fundi aliyenijibu bila wasiwasi wowote, "Injinia, pembeni zilituishia, tukaona katikati ndiko kwenye kazi." Alikuwa mkweli, na alikuwa amefanya kinyume kabisa.

4. Piga hesabu ya mzigo unaotakiwa. Chukua shinikizo la msingi, zidisha kwa kizidisho alichokupa mhandisi (namba inayosema pembe, ukingo au katikati huvutwa mara ngapi ya shinikizo hilo), kisha zidisha kwa mita za mraba zinazobebwa na skrubu moja. Tuseme kasi ni ile ya mita 40, kizidisho cha katikati ni 1.1 na cha pembe ni 2.2. Katikati: 981 × 1.1 × 0.3 = newtoni 324. Pembe: 981 × 2.2 × 0.3 = newtoni 647. Kama mlango mkubwa unaweza kufunguka, kizidisho cha pembe kinaweza kupanda hadi 2.7, na mzigo unakuwa newtoni 795. Andika namba hizi pembeni mwa daftari. Usianze kuvuta bila hizo. Ukipata matokeo kwanza, utajikuta unatafuta hesabu ya kuyafurahisha.

5. Chagua skrubu za kuvuta. Kwa paa la hadi mita za mraba 4,600 navuta zisizopungua 10, na kila likiongezeka kiasi hicho naongeza 5. Sita katika kila kumi ziwe pembe na kingo. Chagua ukiwa chini, kwenye mchoro, kabla hujaona zipi zinafikika kirahisi. Kazi yangu ya kwanza nilivuta kumi zote kuzunguka mahali ngazi ilipoegemea. Zilifaulu zote. Miezi michache baadaye pembe ya upande wa bahari ilifunuka kama kurasa, na skrubu zake zilikuwa zimeoza kwa chumvi. Upande ule sikuwa nimefika.

   Paa likiwa la zamani, vuta zilizopo na vilevile funga mpya kadhaa pembeni yake uzivute. Zilizopo zinakuambia hali ya kutu, mpya zinakuambia kama papi bado ina nguvu ya kushika. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo itakayoamua kama unabadilisha skrubu au unabadilisha papi.

6. Andaa kichwa. Kata washa ya mpira kwa kisu au koleo ili kucha ipite chini ya kichwa. Usifungue skrubu ili kucha iingie, kwa sababu ukiizungusha unavuruga meno unayotaka kuyapima. Ikishindikana kabisa, legeza mizunguko miwili tu na uandike kwamba umelegeza.

7. Simamisha daraja. Miguu ikae kwenye bonde la bati, juu ya papi ileile yenye skrubu, isikae katikati ya papi na papi. Ukikosea hapa, mashine italikandamiza bati, bati litapinda, na saa itakupa namba ya bati kupinda. Mvuto uwe wima kwa bati, si wima kwa ardhi. Paa lina mteremko, na ukivuta kwa mshazari skrubu inakatika shingo badala ya kuchomoka.

8. Vuta polepole. Rudisha mishale yote sifuri. Pandisha nguvu bila kusita wala kurukaruka, kiasi cha kuhesabu moja hadi thelathini mpaka skrubu iachie. Msaidizi ataje namba kwa sauti. Kama skrubu inabaki kazini na hutaki kuing'oa, ifikishe mara moja na nusu ya mzigo wa hatua ya 4 (au kiwango alichokuandikia mhandisi), ishikilie dakika moja, uone kama mshale unashuka.

9. Andika namba na namna ilivyoshindwa. Namba peke yake ni nusu ya habari. Meno yamechomoka kwenye papi? Kichwa kimekatika? Mbao imepasuka? Papi imepinda? Piga picha ya kila skrubu pamoja na kipande cha karatasi chenye namba yake kwenye mchoro. Kucha ikiteleza, hayo si matokeo, rudia kwenye skrubu ya jirani.

10. Ziba hapohapo. Shimo la skrubu iliyong'oka lipate skrubu nene zaidi, washa mpya na silikoni. Usijiambie utaziba ukimaliza zote. Mashimo kumi kwenye paa la migongo elfu moja hayaonekani tena ukigeuka, lakini mvua itayaona.

11. Pima unene wa bati na papi. Geji ni namba ya unene wa bati, ikiwa kubwa bati ni jembamba. "Geji 28" ya kwenye risiti na ile iliyoko juu ya paa si lazima ziwe ndugu. Kwangua rangi, weka maikromita. Kwa papi ya chuma, pimia kwenye ncha iliyo wazi.

Kusoma matokeo

Mfano wa hesabu. Godauni letu lina papi za chuma za mm 1.5 na skrubu za mm 5.5. Kwa hesabu, skrubu kama hiyo kwenye chuma hicho inapaswa kuachia kwenye kilonewtoni 2.5 hadi 3 hivi. Umevuta kumi ukapata: 2.9, 2.7, 3.0, 2.6, 2.8, 2.9, 1.1, 2.7, 2.5, 2.8. Wastani ni 2.6. Gawa kwa 3 kama akiba ya usalama, unapata 0.87, yaani newtoni 867. Inazidi 647, inazidi hata ile 795 ya mlango uliofunguka. Paa limefaulu?

Tazama ile 1.1. Iko pembe gani? Kama imetoka pembe ya kusini mashariki, gawa yenyewe kwa 3: newtoni 367, wakati pembe inadai 647. Pembe hiyo imeshindwa, na upepo hautaanza na wastani, utaanza na hiyo. Rudi, vuta tano zaidi kuizunguka. Zikitoka vizuri, ulikutana na skrubu moja mbovu. Zikitoka dhaifu, chora mpaka wa eneo bovu na ufunge upya eneo lote hilo.

Kwa hiyo toa hesabu tatu: ya pembe, ya kingo, ya katikati. Ripoti yenye wastani mmoja wa paa zima irudishe kwa aliyeiandika.

Kipimo hiki hakioni nini

Kinapima skrubu na papi. Hakipimi bati kuchanika kuzunguka kichwa cha skrubu, na kwa mabati yetu ya geji 30 hiyo ndiyo njia ya kawaida ya paa kuondoka: skrubu zinabaki kwenye papi zimesimama kama askari, bati limeenda. Hata bati likishikilia mvuto mmoja mkubwa, upepo hauvuti mara moja, unavuta na kuachia maelfu ya mara usiku kucha, na ufa mdogo unakua kwenye tundu. Darwin, Australia, walilijua hilo kwa gharama kubwa kimbunga Tracy kilipopita Krismasi ya 1974. Baada ya hapo wakaanza kupima mabati kwa kuyavuta na kuyaachia mara nyingi mfululizo.

Kwa hiyo, ukiwa juu, ondoa skrubu tatu nne za pembeni na utazame tundu kwa jicho la karibu. Ufa wa nyota au tundu lililokuwa mviringo likawa yai ni habari mbaya kuliko namba yoyote ya saa. Dawa huwa ni washa pana za chuma zenye umbo la mgongo wa bati, na skrubu nyingi zaidi pembeni.

Kama paa lako ni bapa na limegundishwa

Hapa hakuna skrubu ya kuvuta. Hutumika kuba la plastiki angavu la mita 1.5 kwa 1.5, linalowekwa juu ya utando (tabaka la juu la paa linalozuia maji) na kunyonywa hewa kwa pampu. Utaratibu unaotajwa sana ni wa shirika la viwango la Marekani, ASTM, unaoitwa E907: anza na kilopaskali 0.72, shikilia dakika moja, ongeza 0.36, shikilia dakika moja, endelea hadi kiwango cha mhandisi, huku kipimo cha mwinuko kikisoma utando umepanda kiasi gani. Kwa utaratibu huo mwinuko wa mm 25 unalifanya paa litiliwe shaka. ASTM waliuondoa kwenye orodha yao mwaka 2013, ingawa mikataba bado inautaja, kwa hiyo soma mkataba wako unataka nini. Kosa kubwa la wanaoanza ni kutoandika kuba lilikaa wapi. Likiwa katikati ya nguzo za chini, sakafu ya bati yenyewe inapinda na kipimo kinahesabu kama utando umeachia.

Mambo yakikwama

*Nguvu inapanda, kisha inashuka polepole, skrubu haijatoka.* Tazama mguu wa daraja, huenda unazama kwenye bati. Kama uko imara, mashine inavuja mafuta. Ijaribu kwenye kitu kisichosogea kabla hujailaumu papi.

*Skrubu inazunguka tu haibani.* Iliwahi kukazwa kupita kiasi ikala meno ya papi. Ihesabu kama sifuri, usiiruke. Zikiwa nyingi, fundi alitumia drili yenye nguvu kubwa bila kikomo, na paa zima ni la kushukiwa.

*Namba zote ziko juu mno.* Kucha inagusa daraja, au umeshika bati pamoja na kichwa. Legeza, panga upya, vuta nyingine.

*Vichwa vinakatika kabla ya kuchomoka, kwa nguvu ndogo.* Kutu shingoni, chini ya washa, mahali pasipoonekana. Kwenye majengo ya ufukweni ndiyo hali ya kawaida. Usipime zaidi, badilisha.

*Namba zinatofautiana sana katika eneo moja.* Pima unene wa papi moja moja. Nimewahi kukuta paa lenye papi za mm 1.2 na mm 2 zimechanganywa, zote zimepakwa rangi moja. Kwa papi za mbao, huenda zilipigiliwa mbichi. Zimekauka, zimeachia msumari.

*Mwenye jengo anataka uvute mbili tu "za mfano".* Vuta mbili, zote pembeni, upande unaopigwa na kusi, na uandike kwenye ripoti kwamba ni mbili.